CARLETON WATKINS: MTU ALIYEPIGA PICHA MILIMA NDANI YA MAJI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika magazeti ya Chama chetu yaliyotangulia mmekwisha kusoma maisha ya wafalme, ya washairi na ya wapigania uhuru. Leo nawaletea mtu wa kazi ambayo wengi wetu tunaijua kwa harusi na sikukuu tu, yaani mpiga picha. Lakini msidhani huyu alikuwa wa kusimamisha watu mbele ya pazia lililochorwa maua. La hasha! Huyu alipandisha mzigo wa karibu tani nzima milimani ili apige picha ya maji yaliyotulia. Jina lake ni Carleton Watkins, Mmarekani, na alifariki mwaka 1916. Alipata sifa, akapata na mali, kisha vyote viwili vikamponyoka akiwa hai.

Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1829 katika mji mdogo wa Oneonta, jimbo la New York. Babake alikuwa seremala na mwenye nyumba ya wageni, na Carleton ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Utoto wake sitauchimba sana. La kukumbuka ni kwamba katika mji huo huo kulikuwa na mwenye duka mmoja kwa jina Collis Huntington, na huyo mshike vizuri kichwani kwa sababu atarudi. Mwaka 1848 dhahabu iligunduliwa California, upande wa pili kabisa wa Marekani, na watu wakamiminika huko kama siafu. Huntington akaenda. Mwaka 1851 Watkins naye akaenda, kijana wa miaka 21.

Dhahabu hakuipata. Alifanya kazi ya kupeleka bidhaa za Huntington kwenye migodi, halafu akaajiriwa katika duka la vitabu mjini San Francisco. Inasimuliwa kwamba karibu mwaka 1854, bwana mmoja mwenye studio za picha, Robert Vance, aliachwa ghafla na mfanyakazi wake wa San Jose, akamwomba Watkins ashikilie studio kwa siku chache. Watkins hakujua lolote kuhusu picha. Akaambiwa awakalishe wateja tu na kujifanya anawapiga, mwenyewe akirudi atawapiga upya. Kumbe jamaa alikuwa na jicho! Alijifunza haraka, na kufikia mwaka 1858 alikuwa akijitegemea.

Kazi zake za mwanzo zilikuwa za mahakamani. Wakati huo California ilijaa kesi za ardhi na migodi, na mawakili walitaka hakimu aione ardhi yenyewe bila kutoka kitini. Watkins akatumwa kupiga picha za mahali palipogombaniwa, na siku moja aliitwa kizimbani kama shahidi aeleze jinsi alivyochagua pa kusimama. Alieleza kwamba alitafuta mahali ambapo mandhari yote ingeonekana vizuri zaidi. Mimi naona hapo ndipo siri yake ilipo, na nitaonyesha kwa nini.

Julai mwaka 1861 Watkins alisafiri kwenda bonde la Yosemite, katika milima ya Sierra Nevada. Hakuwa wa kwanza kupiga picha huko, kwani mwenzake Charles Weed alikwenda mwaka 1859. Lakini hakuna aliyekwenda na kamera kama ya Watkins. Aliagiza itengenezwe kamera ya kutumia mabamba ya kioo yenye upana wa inchi 22 na kimo cha inchi 18. Kunjua gazeti la kawaida kurasa mbili ndipo uelewe ukubwa wa bamba moja. Kamera yenyewe ilikuwa kama sanduku la nguo. Ongeza hapo kiweko cha miguu mitatu, mabamba mazito ya kioo, chupa za dawa, hema la giza, na chakula cha wiki nyingi. Vyote hivyo vilibebwa na msururu wa baghala, yaani wale wanyama wanaozaliwa na punda dume na farasi jike. Barabara ya gari haikuwapo, ilikuwa njia ya miguu kwenye ngema. Baghala mmoja akiteleza, kazi ya mwezi inaishia bondeni ikiwa vigae.

Bonde lenyewe ni la ajabu. Kuta za mawe zimesimama wima pande zote mbili, na jiwe moja, El Capitan, linainuka zaidi ya mita 900 kutoka chini. Katikati unapita mto Merced, ambao mahali pengine huenda polepole hata ukadhani umesimama. Na kwenye kijito kinachoitwa Tenaya kuna ziwa dogo ambalo Wazungu waliliita Mirror Lake, Ziwa la Kioo. Asubuhi kabla ya upepo kuamka, ziwa hilo huchukua mlima mzima na kuulaza ndani yake, kila ufa na kila mti. Watkins alipoona hivyo, aliamua kupiga picha ambamo nusu ya mlima ni jiwe na nusu ni maji. Picha za namna hiyo aliziita za kioo, na alizirudia tena na tena maisha yake yote.

Sasa msomaji unaweza kuuliza, kuna ugumu gani hapo? Maji yapo, mlima upo, bonyeza tu! Subiri.

Enzi hizo hakukuwa na filamu ya kuviringisha. Mpiga picha alichukua bamba safi la kioo, akalimwagia dawa nzito inayonata iitwayo kolodioni, akalitumbukiza gizani katika maji yenye chumvi ya fedha, akalikimbiza kwenye kamera likiwa bado bichi. Likikauka limeharibika. Baada ya kupiga, analikimbiza tena kwenye hema la giza alimwagie dawa ya kutoa picha. Yote hayo yafanyike kwa dakika chache, kwa hiyo hema lilikuwa lazima liwe karibu na maji. Hebu mfikirie mtu huyo ndani ya hema lililofungwa pande zote, jua la Julai linampikia nje, harufu ya dawa inamkaba koo, na ameshika kioo kikubwa kwa ncha za vidole kisiguswe hata na vumbi.

Halafu lenzi ilihitaji kuachwa wazi kwa sekunde nyingi, mara nyingine dakika kadhaa. Maporomoko ya maji katika picha za Watkins hayana matone, yanafanana na moshi mweupe au pamba inayoning'inia, kwa sababu maji yalikuwa yakianguka muda wote lenzi ikiwa wazi. Na ziwa je? Upepo mdogo tu, hata wa kutikisa unyasi, ukipita wakati huo, sura ya mlima majini inafutika na kubaki utusitusi. Bamba limekwenda, dawa imekwenda, na asubuhi imekwenda. Ndiyo maana picha za kioo zilipigwa mapema asubuhi, wakati hewa imetulia. Kwa uvumilivu, Watkins hakuwa mchezo.

Tena kuna jambo ambalo nilicheka nilipolifikiria. Wale waliosoma fizikia Kidato cha Kwanza wanakumbuka kamera ya tundu la sindano, ile ya boksi na karatasi ya mafuta, vile picha huja miguu juu kichwa chini. Kamera ya Watkins ilikuwa vivyo hivyo. Alijifunika kitambaa cheusi akatazama kioo cha nyuma, akaona kila kitu kimepinduka. Basi alipoielekeza kwenye Mirror Lake, mlima wa kweli ulikuwa chini, umepinduka, na ule wa majini ndio uliokuwa juu, umesimama sawasawa! Ukipanga picha ukiwa katika hali hiyo huwezi kudanganywa na ukubwa wa mlima. Unaona maumbo tu, pembe hii na pembe ile, kama vipande vya kitambaa.

Na maumbo hayo hayafanani kabisa, ingawa watu hudhani yanafanana. Jaribu mwenyewe nyumbani. Weka maji kwenye karai, liweke chini karibu na ukuta, na usimamishe kiberiti kwenye ukingo wa mbele ya ukuta. Ukisimama na kutazama chini moja kwa moja unaona matako ya karai tu. Chuchumaa, shusha jicho mpaka likaribie usawa wa maji, na ghafla ukuta na kiberiti vinatokea ndani ya maji, tena vinang'aa. Kadiri jicho linavyoshuka ndivyo sura inavyokolea. Lakini hata ikikolea namna gani, ile ya majini huwa na giza kidogo kuliko kitu chenyewe, kwa sababu maji hayarudishi mwanga wote, mwingine huzama. Tena utaona kwamba kiberiti, ambacho kiko mbele, kinaficha sehemu kubwa zaidi ya ukuta ndani ya maji kuliko nje ya maji. Ni kana kwamba maji yanautazama ukuta kutoka chini, na wewe unautazama kutoka juu.

Watkins alilazimika kuyajua hayo kwa vitendo. Akipanda jiwe refu ili aone ziwa lote, miti ya ukingoni ingemeza mlima wake ndani ya maji. Akishuka mno, ukingo wa mbele ungefunika maji yenyewe. Kwa hiyo alitafuta mahali pa katikati, na kiweko chake kikubwa hakikuwa kitu cha kuhamishwa hamishwa ovyo. Alitembea kwanza, akatazama, akachagua, ndipo mizigo ikateremshwa.

Sasa nije kwenye ukataji. Siku hizi mtu hupiga picha vyovyote, baadaye anakata pembeni kwa kidole kwenye simu, anaondoa ndoo, anaondoa mguu wa jirani, anavuta karibu. Watkins hakuweza kuvuta karibu. Picha zake hazikukuzwa. Kioo kililazwa juu ya karatasi iliyopakwa ute mweupe wa yai na dawa ya fedha, vikawekwa juani pamoja, na picha ikatoka ukubwa ule ule wa kioo. Ukikata inchi mbili umepoteza inchi mbili, na hakuna pa kuzirudisha. Kwa hiyo ukataji wake wa kwanza ulikuwa wa miguu, yaani kusogea mbele au nyuma kabla ya kufungua lenzi.

Kwa picha ya kioo jambo hili ni gumu maradufu. Wapiga picha wengi hushauri kwamba mstari wa kugawa juu na chini usiwe katikati, kwa maana picha hukatika vipande viwili vilivyolingana na jicho likakosa pa kwenda. Picha ya mlima majini inaweza kuvunja sheria hiyo. Mstari wa ukingo ukikaa karibu na katikati, juu mlima na chini mlima, jicho hupanda na kushuka likilinganisha, halichoki. Lakini lazima uache nafasi chini sawa na ile ya juu. Kilele cha majini kiko mbali chini kama kile cha kweli kilivyo mbali juu, na mtu asiyefikiria hukikata. Angalieni picha nyingi za maziwa kwenye kalenda, mtaona mlima wa juu una kichwa na wa chini hauna! Katika picha nzuri za Watkins vichwa vyote viwili vipo, na kila kimoja kimeachiwa hewa ya kupumua.

Hata hivyo mkasi aliutumia. Lenzi za enzi hizo hazikufika vizuri kwenye pembe za kioo kikubwa namna ile, pembe zikawa na giza au ukungu. Picha zake nyingi za mwaka 1861 zimekatwa pembe za juu zikawa na mviringo, kama dirisha la kanisa la zamani. Wengine wanaona ni urembo wa wakati ule. Mimi naona ni ujanja wa fundi: kasoro imeondolewa, na mlima umepata paa. Mbingu nazo katika picha hizo ni nyeupe tupu bila wingu, kwa sababu dawa ile ilikuwa kali mno kwa rangi ya buluu, ikaiunguza. Na maji yaliyobeba mbingu hiyo yakawa meupe vilevile. Ndiyo sababu katika baadhi ya picha zake za kioo jiwe linaonekana kama linaelea, halina juu wala chini.

Alirudi San Francisco na mabamba 30 makubwa na picha ndogo zipatazo 100. Desemba mwaka 1862 picha kubwa zilionyeshwa New York, katika jumba la Goupil. Wakati huo Marekani ilikuwa vitani wenyewe kwa wenyewe, magazeti yamejaa habari za maiti, na reli ya kuvuka bara haikuwa imejengwa, ilikamilika mwaka 1869. Watu wa mashariki walikuwa wamesikia habari za Yosemite wakazichukulia kama chumvi za wasafiri. Sasa wakaona wenyewe.

Seneta John Conness wa California alipeleka mswada bungeni wa kulinda bonde hilo pamoja na msitu wa miti mikubwa ya Mariposa, visiuzwe kwa mtu. Rais Abraham Lincoln aliutia sahihi tarehe 30 Juni 1864, vita vikiendelea. Lincoln hakuwahi kufika California maishani mwake. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba picha za Watkins zilisaidia sana, kwa sababu zilikuwa ushahidi, sawa na zile za kesi za ardhi. Yosemite ikawa ardhi ya kwanza Marekani kutengwa na serikali kuu kwa ajili ya watu kuifurahia. Yellowstone ilifuata mwaka 1872 ikaitwa mbuga ya taifa, na desturi hiyo ikaenea duniani hata ikatufikia sisi, kwani mbuga ya taifa ya Nairobi ilitengwa mwaka 1946.

Hapa lazima niseme jambo lisilopendeza. Ukizitazama picha za Watkins unaona bonde tupu, kama kwamba Mungu ameliumba jana. Bonde halikuwa tupu. Lilikuwa la watu wa Ahwahneechee, na mwaka 1851, miaka kumi tu kabla ya Watkins kufika na baghala wake, wanamgambo waliingia wakawatoa kwa nguvu na kuchoma vyakula vyao. Baadhi walirudi na walikuwa wakiishi humo humo wakati Watkins akipiga picha. Ziwa la Kioo na yale mawe yalikuwa na majina yao zamani sana. Watkins aliandika baadhi ya majina hayo chini ya picha zake, kama Pompompasos kwa milima ambayo Wazungu waliiita Three Brothers, lakini wenye majina hawaonekani. Sisemi alikusudia ubaya. Lakini kuchagua mahali pa kusimama ni kuchagua pia nani atabaki nje ya picha, na picha zile zilipelekwa mbele ya watu waliokuwa wakiamua ardhi ni ya nani. Hadithi ya watu kuhamishwa ndipo mbuga itangazwe hata huku kwetu inajulikana.

Baada ya hapo nyota ya Watkins iling'aa. Mwaka 1865 na 1866 alifanya kazi na wapimaji wa jimbo la California waliokuwa wakichora ramani ya Yosemite, nao wakamheshimu kwa kuupa mlima mmoja jina lake, Mlima Watkins. Mlima huo uko juu ya Mirror Lake. Mwaka 1867 picha zake zilipata medali katika maonyesho makubwa ya Paris, Ufaransa, na mwaka huo huo alikwenda Oregon kupiga picha kando ya mto Columbia. Kisha akafungua jumba la picha San Francisco, aliloliita Yosemite Art Gallery. Lilikuwa jumba la kifahari, na kulijenga alikopa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watkins alijua kungoja upepo utulie lakini hesabu za pesa hazikuwa kazi yake. Mwaka 1875 Bank of California ilifunga milango, biashara zikayumba mji mzima, wadai wakabisha hodi. Jumba lilichukuliwa pamoja na mabamba yote ya kioo. Aliyeyachukua ni John Jay Cook, akishirikiana na mpiga picha Isaiah Taber. Taber akaendelea kuchapa picha zile zile na kuziuza kwa jina la Taber. Fikiria mpenzi msomaji! Kioo ulichokibeba mlimani, ukakimwagia dawa ndani ya hema kama tanuri, sasa kinatoa picha yenye jina la mwingine, na sheria haina la kukusaidia.

Wengine wangeacha kazi. Watkins alikuwa na umri wa karibu miaka 46. Alinunua mabamba mapya, akarudi Yosemite, akasimama tena pale pale alipokuwa amesimama, akangoja asubuhi nyingine za kutulia. Picha hizo mpya aliziita New Series, yaani mfululizo mpya. Alikuwa akishindana na nani? Na yeye mwenyewe, maana picha zake za zamani zilikuwa sokoni, zinamnyang'anya wateja.

Siku alipotimiza miaka 50, tarehe 11 Novemba 1879, alimwoa msichana aliyefanya kazi katika studio yake, Frances Sneed, wakapata watoto wawili. Wa kwanza ni binti, Julia. Wa pili ni mvulana, na jina lake ni Collis, sawa na yule mwenye duka wa Oneonta. Maana Huntington sasa alikuwa mmoja wa matajiri wanne wa reli ya Central Pacific, na Watkins alisafiri kwa treni zake akipiga picha njiani.

Miaka ya 1890 macho yake yalianza kufifia. Kwa mtu mwingine ni ugonjwa, kwa mpiga picha ni njaa. Kodi ya nyumba ikamshinda, na katika mwaka 1895 na 1896 yeye na mkewe na watoto waliishi ndani ya behewa kuukuu la treni kwa karibu miezi 18. Baadaye Huntington akampa shamba dogo huko Capay, kaunti ya Yolo. Hata hivyo studio ya San Francisco ilibaki, na ndani yake yalikuwamo mabamba yaliyosalia na picha za miaka mingi. Kulikuwa na mipango ya kuyahamishia mahali salama pa kuhifadhiwa.

Tarehe 18 Aprili 1906, alfajiri, San Francisco ilipatwa na tetemeko kubwa la ardhi, na moto ukafuata ukateketeza mji siku tatu. Studio ya Watkins ikaungua yote. Kuna picha iliyopigwa siku hiyo barabarani: mzee mwenye ndevu na fimbo, karibu kipofu, anaongozwa na watu kutoka kwenye moto. Ndiye yeye. Aliyezoea kusimama nyuma ya kamera sasa yuko mbele yake, na hawezi hata kuiona.

Hakupona moyo tangu siku hiyo. Mwaka 1910 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Napa, na akafariki huko tarehe 23 Juni 1916, akiwa na umri wa miaka 86. Alizikwa katika uwanja wa hospitali, kaburi lisilo na jina.

Kwa miaka mingi ni wachache waliomkumbuka. Lakini picha zilizokuwa zimeuzwa zamani zilikuwa zimetawanyika, kwenye maktaba, kwenye makumbusho na kwenye nyumba za watu, hivyo moto haukuzipata. Watafiti wamezihesabu zile kubwa wakapata zaidi ya 1,200. Mwaka 1999 zilifanyiwa maonyesho makubwa San Francisco, mji ule ule uliomuunguzia kazi yake, na zile zilizotolewa kwa jina la Taber zimeanza kurudishiwa jina la mwenyewe.

Mirror Lake nalo limebadilika. Kila mwaka kijito cha Tenaya huleta mchanga na kuujaza polepole. Zamani watu waliuchota ili ziwa libaki kwa ajili ya wageni, lakini walikoma mwaka 1971, na sasa mwisho wa kiangazi sehemu kubwa hukauka ikawa mchanga na majani. Theluji ya milimani ikiyeyuka maji hurudi tena. Miongoni mwa picha alizopiga Watkins hapo iko ile ya mlima wenye jina lake, Mlima Watkins, juu ukiwa jiwe na chini ukiwa maji, vilele vyote viwili vikiwa ndani ya picha.